Nani Alikuunganisha?

Nilimaliza chuo mwaka 2003, nikiwa na stashahada ya ugavi na bahasha ya kaki. Mei ya mwaka huohuo, huko California, Reid Hoffman na wenzake walizindua LinkedIn, mtandao wa watu wa maofisini kujuana na kutafutana kikazi. Habari hiyo haikufika kwetu Temeke, Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na magazeti.

Tangazo la kazi lilikuwa mali. Mwenye hela ya kununua Daily News alilikata kwa wembe akalitunza. Asiye nayo alisimama mezani kwa muuza magazeti akijifanya anachagua, mpaka afukuzwe. Hapo mzunguko unaanza. Barua unaiandika kwa mkono, maana waajiri wengine walitaka kuuona mwandiko wako. Wasifu unampelekea dada wa kuchapa. Vyeti unavitoa kopi, unakwenda kugongewa muhuri wa wakili. Unatafuta wadhamini watatu, na mmoja wao sharti awe mtu mwenye cheo. Mwisho Posta. Anwani yangu ilikuwa S.L.P. ya ofisini kwa baba mdogo, na barua zilizonijia zililala kwenye droo ya karani wake hadi atakapokumbuka. Kuna usaili niliopata barua yake wenzangu wakiwa wameshasailiwa na mtu ameshachukuliwa. Wengi wa rika langu wana kisa kama hicho.

Bahasha nyingine tulizitembeza wenyewe, Barabara ya Samora ghorofa kwa ghorofa, kisha viwandani Barabara ya Pugu. Ofisa rasilimali watu wa kwanza alikuwa mlinzi wa getini. Akikupenda anaipokea bahasha. Asipokupenda, bosi amesafiri.

Kazi yangu ya kwanza haikutoka kwenye bahasha hizo. Dereva mmoja, aliyewahi kupanga chumba nyumbani kwetu akahama zamani, alipita siku moja kumsalimu mama, na katika mazungumzo akasema kampuni anayoendeshea malori inataka mtunza stoo, ila haijatangaza. Hakuwa na ubavu wa kunipa kazi. Alichonipa ni habari, tena mapema, kabla haijafika kwa muuza magazeti.

Miaka mingi baadaye nikamsoma Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, nikamkuta yule dereva ndani yake. Katika makala yake ya mwaka 1973 aliwachunguza watu wa mji mmoja wa Massachusetts waliopata kazi kwa kupitia mtu. Takriban mmoja tu kati ya sita alikuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa mbali kidogo, wa kuonana mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake haihitaji profesa: kaka yako, shangazi yako na rafiki zako wa kijiweni wanasikia yaleyale unayoyasikia wewe. Habari mpya huja na mpita njia.

Baadaye zikaja barua pepe, na foleni za kulipia intaneti kwa saa. Mkonga wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kidogo kidogo intaneti ikahamia kwenye simu. Lakini kazi hazikuongezeka kwa sababu ya mkonga. Juni 2014 watafuta ajira zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Aliyeziona picha za siku ile hajazisahau.

Wakati huo mimi nilikuwa tayari na ukurasa LinkedIn, lakini mtupu. Mwaliko nilitumiwa na mkaguzi wa hesabu, dada wa Kenya, aliyekuja kukagua stoo yetu akakuta leja zimenyooka. Niliweka jina na picha ya pasipoti, nikaishia hapo. Tumelelewa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na mtu wa kujitangaza tunamtazama kwa jicho la shaka. Ninaiheshimu methali hiyo, ila naona waliitunga watu wa kijiji, ambako kila mpita njia anaona shamba la nani limepaliliwa. Stoo iko nyuma ya mlango wa chuma. Nani apite aone?

Tena mifano tuliyokuwa nayo haikutia hamu. Kila wa pili alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni isiyo na ofisi. Mwaka 2012 ikaongezwa nafasi ya kuthibitishiana ujuzi kwa kubofya tu, na jirani yangu, ambaye hadi leo anaamini ninauza vipuri, akanithibitisha kuwa hodari wa uongozi wa kimkakati. Halafu Aprili 2017 ukatoka uhakiki wa serikali uliokuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kama karatasi yenye muhuri imedanganya kiasi hicho, sifa ambazo mtu amejiandikia mwenyewe nani angeziamini?

Kilichonibadilisha ni kazi yenyewe. Mwaka 2018 nilikuwa ninafuatilia malori yetu ya Lusaka, na nilikuwa nimeandika kwenye daftari saa lori linapotoka Dar, saa linapofika Tunduma na saa linapovuka mpaka kwenda Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpakani kilikuwa bado. Kilizinduliwa mwaka uliofuata. Hesabu zilionyesha kwamba barabara haikuwa na kosa. Malori yaliyochelewa zaidi yalikuwa yale ambayo nyaraka zake zilianza kushughulikiwa yakiwa yameshafika mpakani. Niliandika aya chache na jedwali dogo, nikaweka ukurasani. Yule dada mkaguzi akalisambaza. Baada ya muda nikapata ujumbe wa mama mmoja nisiyemfahamu, meneja wa kampuni ya usafirishaji Nairobi.

"Hujambo ndugu. Hizi saa za malori umezipata wapi?"

"Sijambo, mama. Nimeziandika mwenyewe, lori kwa lori."

"Una mwezi mwingine?"

Nilikuwa nao. Usaili ulifanyika kwa Skype, na karibu wote ulikuwa juu ya lile daftari. Cheti changu waliniomba wakati wa kuandika mkataba.

Nilipokwenda kumpa taarifa baba mdogo, alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani alikuunganisha?"

"Hakuna mtu, baba mdogo. Walisoma nilichoandika."

"Unawafahamu?"

"Siwafahamu."

"Basi hao ni matapeli."

Sikucheka sana, kwa sababu matapeli wapo, na wengine wana kurasa nzuri kuliko za waajiri. Wanaahidi kazi Dubai au Doha, wanaomba nakala ya pasipoti, kisha hela ya viza. Ila kwa swali lake la kwanza, mzee alikuwa sahihi kuliko mimi. Aliyeniunganisha alikuwepo: ni yule mkaguzi, tuliyeonana wakati wa ukaguzi tu. Ni yule dereva aliyekuja kumsalimu mama, amerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20, ukaonyesha kwamba watu tunaofahamiana nao kwa wastani tu ndio wanaosaidia zaidi kuhama kazi kuliko wale wa karibu. Granovetter alikuwa bado hai kuusoma.

Kwa hiyo siwaelewi wanaosema mtandao umeua kujuana. Umepanua kujuana huko. Zamani ilikubidi uwe na mjomba. Sasa asiye na mjomba naye ana pa kusimama, mradi ana kitu cha kuonyesha. Wala si kwa wote. Dereva, fundi na mpishi hawatafutwi huko, wanatafutwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ajira za serikali zina mfumo wake wa Sekretarieti ya Ajira, na huko hakuna wa kukusambazia chapisho. Lugha ya mtandao ule ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, na bando si bure.

Siku hizi mimi ndiye ninayesoma maombi. Mengi ni ile bahasha ya kaki iliyoingia kwenye simu: "Habari bosi, naomba kazi yoyote." Yoyote ni ipi? Mengine yameandikwa na akili unde, yanang'aa, na yote yanafanana. Ukitaka nikujibu, taja nafasi unayoomba, nieleze jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako na lilileta nini, na uweke namba ya simu inayopatikana. Na yeyote atakayekuomba hela ya fomu ya kazi, hata akitumia jina na picha yangu, usimpe.