Kasulo: hewa inapotelea kwenye viungo

Tangu kobalti ilipopatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo mwaka 2014, hewa ya shimoni imekuwa suala la kufa na kupona mjini Kolwezi, Kongo. Lakini tukiizungumzia tunaishia kwenye mashine ya kupuliza: kubwa au ndogo, mpya au kuukuu. Huku Ontario, Kanada, fundi wa mabomba ya bati huhangaikia viungo kwanza. Ncha iliyofinywa huingizwa ndani ya bomba linalofuata, ikielekea hewa inakokwenda, ili hewa isigonge ukingo. Mabomba yakishanyooka hufungwa skrubu angalau tatu kuzunguka kiungo, kisha hupakwa gundi nzito kwa brashi. Utepe wa kitambaa hauaminiki. Mwaka 1998 maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, iliupima kwenye viungo vya mabomba ukaachia. Mashine kubwa haitibu bomba linalovuja, kwa sababu ukiongeza msukumo unaongeza na uvujaji. Mbano nao si jambo dogo: bomba likipungua kipenyo kwa nusu, kupitisha hewa ileile kunadai msukumo wa takriban mara 32.

Wapo watakaosema bati halishuki kwenye kisima chembamba kilichopinda. Ni kweli, na sidai lishuke. Mpira wa plastiki unatosha, mradi kila kiungo kiwe na kipande kifupi cha bomba gumu ndani yake, kikazwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na penye kona pawekwe kiwiko kigumu mpira usijikunje. Wengine watasema kanuni za Kongo zinakataza mashimo ya wachimbaji wadogo kuzidi mita 30, hivyo kufundisha haya ni kuhalalisha haramu. Lakini hewa huchafuka kabla ya kina hicho, hasa jenereta ikinguruma karibu na mdomo wa mashine, nayo mashine ikausukuma moshi huo chini.

Kupima ni rahisi: shikilia kipande cha mfuko mwembamba kandokando ya kila kiungo mashine ikiwaka. Kikipepea, hewa inatoka hapo. Kisha kipeleke mwisho wa mpira, mchimbaji anapofanyia kazi. Kisipopepea huko, mtu asibaki chini. Gharama ya kurekebisha ni ndogo mno kuliko ya mashine ya pili, na anayepaswa kuibeba ni mfadhili wa shimo, maana ndiye anayenunua vifaa na kuchukua fungu lake kwenye madini.