Kayaki na Mtumbwi Ziwani Bunyonyi

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu majina ya vyombo vya majini: dau, mashua, ngalawa, jahazi. Huyakariri vizuri, ingawa hapa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ni nadra kumpata aliyewahi kuliona jahazi. Chombo tunachokijua sisi ni mtumbwi uliochongwa kutoka gogo moja la mkaratusi. Siku hizi kimeongezeka kingine, kayaki, ambacho jina lake limesafiri kutoka kwa Wainuiti wa kaskazini ya mbali hadi kwetu bila kubadilika sana. Likizo hii nilisikia kwamba katika ghuba moja ndogo, mbele kidogo ya Rutinda, vijana wameanza kuzikodisha. Nikaenda kujionea.

Aliyenipokea alikuwa mwanafunzi wangu miaka michache iliyopita. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na kabla hata sijaigusa kayaki akanivisha jaketi la kuokolea maisha, akakaza mikanda, kisha akalivuta mabegani kuhakikisha kwamba halichomoki. Akaning'iniza filimbi shingoni. Bila hivyo, alinieleza, hatoki mtu hapa, hata awe waziri.

Katika kayaki mtu hukaa chini sana, maji yakawa karibu na viwiko. Ziwa letu liko takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Ni bonde la kale lililozibwa na lava ya volkano, ndiyo maana kingo zake ni mteremko mkali: hatua chache tu kutoka nchi kavu huwezi tena kusimama. Kafi la kayaki lina bapa pande zote mbili, nami nililizamisha kwa nguvu zangu zote. "Mwalimu, usichimbe viazi," kijana akaniambia. "Ligusishe maji, halafu livute." Juu yetu, kwenye matuta ya milimani, kulikuwa na watu waliokuwa wakichimba viazi kwelikweli. Ndege walilia katika mafunjo. Jina Bunyonyi lenyewe lina maana ya mahali pa ndege wadogo, na asubuhi ile sikuona sababu ya kulibishia.

Tulipozunguka rasi tukakutana na mtumbwi. Ndani yake walikuwamo watu sita, mmoja akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Aliyekuwa akiuongoza kwa nyuma ni msichana ambaye sidhani ametimiza miaka 13. Ubavu wa mtumbwi ulikuwa umebakiza upana wa kiganja tu juu ya maji. Walilicheka kafi langu, nasi tukasalimiana vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jaketi. Mimi niliyekuja kustarehe kwa saa moja nilikuwa na jaketi na filimbi. Wao wanaovuka kwenda shuleni, sokoni na zahanati mwaka mzima walikuwa na kafi moja.

Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda inasema kwamba maziwa ya asili yanashikiliwa na serikali kwa dhamana, kwa manufaa ya raia wote. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata pia sheria ya usafiri wa majini, inayohusu usajili wa vyombo na usalama wa abiria. Nazisoma pamoja na wanafunzi na kuziheshimu. Lakini kwa maoni yangu macho ya sheria huona upesi feri na boti za wageni, na gogo lililochongwa nyuma ya nyumba halionekani. Haifai kumtoza faini mama yule. Inafaa kuuliza fedha za umma zinazotengwa kwa usalama wa majini huishia ufuo gani.

Nilimuuliza kijana ana majaketi mangapi. Kumi, akajibu, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hubaki yakining'inia, kwa kuwa wateja huja mwisho wa wiki. Wiki ile ile tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaomba suala la kuyaazima kwa watoto wa shule liwekwe katika ajenda. Kwenye mkutano mzee mmoja alisema kwamba sisi sote tumezaliwa mitumbwini na hatujahitaji mavazi hayo. Mama mmoja akasimama, akataja jina la mwanawe, akakaa. Hapakuwa na aliyemjibu yule mzee, wala yeye hakusema zaidi.

Wakakubali. Jumatatu asubuhi tulikuwa ufuoni kabla ya jua kuchomoza. Mtoto wa kwanza aliinua mikono, na jaketi likapita kichwani pake bila kufunguliwa hata mkanda mmoja: yote kumi ni ya watu wazima. Kwa sasa tunayafunga kwa kamba za katani, zikipita katikati ya miguu, na nimeiandikia ofisi ya wilaya barua kuomba ya kimo chao.