Anang'ata Huyo? (Sehemu ya 9)



Kama unakaa Olasiti umeshaniona, mimi ndiye yule dada wa mbwa. Jua likishapoa namfunga Popi kamba, tunazunguka zile njia za vumbi mpaka karibu na baipasi, tunarudi. Huku kwetu mbwa anafungiwa mchana, anafunguliwa usiku alinde nyumba, basi. Mtu mzima akitembea na mbwa kwenye kamba anatazamwa mara mbili. Nimeshaulizwa kama nimeajiriwa na mzungu!

Lakini jamani, mbwa anaongelesha watu. Ukipita peke yako ni "za jioni", "nzuri", kila mtu na njia yake. Ukiwa na mbwa, mtu usiyemjua kabisa anasimama: "Anang'ata huyo?" Ukishamjibu, mmeshaanza. Koko anayeuza maziwa anataka kujua huyo mbwa anakula nini mpaka ang'ae hivyo. Dada mwenye buibui anasimama ng'ambo ya njia ili mate ya mbwa yasimfikie, nami nafupisha kamba, tunaongea hivyo hivyo kwa mbali. Ndivyo nilivyoambiwa miguu imemvimba na kichwa kinamgonga, mimba ya miezi saba. Nikamwambia asisubiri tarehe ya kliniki, aende kupima presha leo hii.

Kliniki hawaniambii hivi. Pale nauliza "mtoto anaendeleaje?", mama anajibu "vizuri", nyuma yake kuna foleni na kichanga kinalia. Njiani hakuna foleni.

Sasa nisikilize hapa. Jumapili iliyopita nilikutana na mama na mtoto wake wa kama miaka mitano. (Amenikubalia niandike.) Mtoto kajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Mama anacheka: "Unaogopa nini, mbona kale ka juzi ulikuwa unacheza nako?"

Nikauliza ka juzi kapi.

"Kambwa kadogo kalikuwa kanapitapita hapo kwa jirani. Kakamng'ata kidogo hapa mguuni, nikampaka mafuta ya taa. Pameshakauka."

Lini? Jumatano. Kale kambwa kako wapi? Hawajakaona tena.

Mama zangu, mimi nilipoa mwili. Kidonda kweli kilikuwa kimefunga, ukubwa wa punje ya mahindi. Lakini kirusi cha kichaa cha mbwa hakikai kwenye kidonda, kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo ni miezi miwili au mitatu, wakati mwingine ni wiki tu, na muda wote huo mtoto anacheza na kula kama kawaida. Kikishafika na dalili zikaanza, akaanza kuogopa maji na kuweweseka, hapo sisi wa hospitali hatuna dawa. Karibu kila mmoja anafariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 kila mwaka, na kama 40 katika kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Na kambwa kadogo kanaambukiza sawasawa na mbwa mkubwa.

Ila kwenye hiyo safari chanjo inaweza kuwahi mbele. Tunajua hivyo tangu 1885, mama mmoja alipomfikisha mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, kwa Louis Pasteur mjini Paris, kang'atwa vibaya na mbwa. Yule mtoto alipona.

Kwa hiyo mwanao aking'atwa, au akiparurwa mpaka ngozi ikachubuka, hata kama ni mbwa wa nyumbani: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, tazama saa. Hiyo sabuni usiidharau, inaua kirusi. Mafuta ya taa, pilipili, majivu ya manyoya ya mbwa, hapana. Halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama chanjo hawana, waulize ilipo na uende. Siku zimeshapita? Nenda tu. Sindano ni zaidi ya moja, usiache katikati kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Mbwa kama anajulikana, asiuawe kwa hasira. Mwambieni bwana mifugo wa kata, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakumwambukiza mtoto siku ile. Lakini chanjo isisubiri hizo siku 10.

Na wenye mbwa wenzangu, achanjwe kila mwaka. Popi kadi yake ninayo.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza. Halafu akasema, "Na wa jirani je? Kalimparura na yeye, siku ile ile." Nikamfunga Popi kwenye mti wa nje, tukagonga geti pamoja. Jirani alidhani tumekuja kugombana. Nusu saa baadaye wote wanne walikuwa kwenye bajaji moja, mama wawili na watoto wawili, wamebeba vitambulisho na hela walizokusanya kwa haraka.

Jana imepita sindano ya pili. Mama kanitumia picha ya kadi, na sauti ya mtoto akilia. Ya tatu ni Jumapili hii.