Ladha ya Waya

Nilikuwa na miaka 25 nilipogundua kwamba sijawahi kula nyumbu aliyekufa vizuri.

Nimekulia Bunda, upande wa magharibi wa Serengeti, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Kila mwaka, kati ya Mei na Julai, nyumbu walipita ule ukanda wa Mto Grumeti wakielekea kaskazini, na kila mwaka mjomba wangu alipotea siku tatu, nne. Hatukuuliza. Alirudi usiku, na asubuhi tulikuta vimoro jikoni: vipande vyembamba vya nyama iliyokaushwa, vimefungwa kwenye kanga kuukuu na kuning'inizwa juu ya mafiga. Bibi alivichemsha, akayamwaga maji ya kwanza, akavichemsha tena na nyanya, kisha akaviunga karanga. Tulikula kwa ugali wa udaga.

Ile ladha ningeitambua hata usingizini. Ilikuwa na maini ndani yake, na chuma, kama umelamba sarafu, na nyuma ya hapo kulikuwa na kitu kingine kikali nilichokosa jina lake. Nyama ya ng'ombe tuliyokula sikukuu niliiona kama maji. Tukiulizwa shuleni tumekula nini, bibi alikuwa ametufundisha kujibu, "Dagaa." Sidhani kama kuna nyumba Bunda iliyokula dagaa wengi kama yetu.

Nyama nyingine mjomba aliiuza. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka humo, sare pia. Nikiwa kidato cha pili alikamatwa ndani ya hifadhi akiwa na nyaya za kutegea, akafungwa mwaka mmoja. Alirudi amekonda, akaanza kulima pamba, na jambo lile halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu. Mimi, nina aibu kusema, kilichonisumbua zaidi mwaka ule ni kwamba vimoro havikuwepo.

Sasa nasoma Morogoro, shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula. Nilipotakiwa kuchagua mada ya kuwasilisha darasani nilichagua nyamapori, nikijua moyoni kwamba natafuta kisingizio cha kuikumbuka. Nilitaka kujua lile jambo lisilo na jina ni nini.

Sehemu ya kwanza ilikuwa rahisi, na ilinifurahisha. Mnyama wa porini hutembea maisha yake yote. Misuli yake inahitaji oksijeni nyingi, hivyo hujaa mayoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayoipa nyama wekundu wake. Ndiyo sarafu niliyokuwa nailamba. Kisha mafuta. Ndani ya misuli ya nyumbu mafuta ni haba, mara nyingi chini ya asilimia 3, na sehemu kubwa ya hayo machache ni yale yaliyojengwa kwenye kuta za seli, laini, yanayotokana na majani mabichi. Mafuta ya namna hii huharibika upesi yakikutana na hewa, na chuma huyaharakisha. Yakiharibika hutoa harufu kali. Ukiichana nyama vipande vyembamba na kuianika siku kadhaa, umeipa hewa kila upande. Hata mapishi ya bibi yalikuwa na sababu: maji ya kwanza huondoka na sehemu ya ule ukali.

Mengine nilikuwa nayajua kwa mjomba bila kujua kwamba nayajua. Kuro, kwa mfano. Ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu nzito, na mjomba alikuwa akisema mkono ulioshika manyoya ya kuro usiguse nyama yake mpaka unawe. Wenzangu darasani walicheka nilipowaambia. Mwalimu hakucheka, aliandika.

Halafu nikafika kwenye kifo.

Mnyama aliye hai ana akiba ya sukari kwenye misuli, inaitwa glaikojeni. Akifa ghafla, akiwa ametulia, akiba ile hugeuka kuwa asidi ya laktiki. Kipimo cha asidi, yaani pH, hushuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5 ndani ya siku moja, na nyama huwa nzuri: rangi yake hung'aa, hulainika, hukaa. Lakini mnyama akihangaika kwa saa nyingi kabla ya kufa, akiba yote huisha akiwa bado yu hai. Hakuna kitu cha kugeuka asidi. pH hubaki juu ya 6. Nyama huwa nyeusi, ngumu, inanata, na bakteria huipenda. Juu ya hapo, mnyama aliyekutwa amekufa hachinjwi akatoka damu vizuri, na tumbo lake lisipopasuliwa mapema, harufu ya utumbo huanza kusafiri kwenda kwenye nyama.

Nilisoma ukurasa ule maktaba, saa tatu usiku, nikaufunga. Mtego wa waya hauui. Unakamata. Mjomba alikuwa akitega jioni na kurudi kesho yake, au kesho kutwa askari wakiwa karibu. Weusi ule, ugumu ule, maini yale. Lile jambo lisilo na jina.

Mada niliiwasilisha, nikapata alama nzuri. Sehemu ya waya niliieleza kwa dakika mbili, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufika Bunda.

Mwaka huu bibi aliletwa Dodoma kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mjomba akamsindikiza, wakafikia kwa mama mdogo. Siku hizi nyamapori huuzwa halali. Kanuni za mabucha yake zilitoka mwaka 2020. Nikapita bucha moja yenye leseni nikanunua kilo mbili za nyumbu. Risiti niliishika kama cheti cha kuzaliwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka mama mdogo akamkumbusha jicho. Mjomba aliomba kuiona risiti, akaisoma yote, mpaka tarehe.

Tuliipika bila kumwaga maji ya kwanza, maana haikuhitaji. Ilikuwa nyekundu safi, imeiva kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Nilitia tonge mdomoni nikasubiri. Utamu ulikuwepo, chuma kidogo kilikuwepo. Utoto wangu haukuwepo.

"Hii ng'ombe," bibi alisema. "Wamekuibia, mume wangu."

Nilianza kueleza, pH na kila kitu, kwa Kiswahili cha darasani, nikaishia njiani. Mjomba alikuwa anatafuna polepole, anaangalia sahani.

"Huyu alipigwa risasi," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Moja?"

"Nadhani moja."

Akatafuna tena. "Wetu ulikuwa unawakuta wengine bado wanapumua. Waya umefika mfupani. Wamechimba shimo pale chini kwa kuzunguka." Aliniangalia. "Mnasoma hayo huko?"

Nikasema tunasoma. Nilitaka kumwambia kwamba ada yangu najua ilikotoka, kwamba simlaumu, kwamba ile nyama niliipenda na bado naitamani, hata usiku ule, na kilo mbili za nyama nzuri zikiwa mezani. Nilichosema ni, "Lakini vya kwako vilikuwa vitamu zaidi."

"Vilikuwa vitamu," alisema bibi, ambaye alikuwa amejifanya hasikii. "Nani kaweka chumvi hapa?"

Mjomba alimsogezea kibakuli cha chumvi mpaka mkononi, maana jicho moja bado lilikuwa limefungwa bandeji.