Tukivuliwa Silaha, Tunabaki Nani?



Wapendwa, juma hili tutafakari katuni ya Kijapani Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuonyeshwa mwaka 1979 hadi 1980 katika sehemu 43. Amuro Ray, kijana wa miaka 15, anaendesha roboti ya vita yenye kimo cha mita 18, iliyobuniwa na baba yake. Katikati ya hadithi anasikia kwamba wakubwa wake wanataka kumwondoa humo. Anatoroka nayo jangwani.

Huko, katika mkahawa, anakutana na Ramba Ral, askari wa upande wa adui, anayemtendea kwa ukarimu. Baadaye wanapigana, mashine zinapasuka, nao wanatambuana kwa sura. Amuro anashinda, lakini Ral anamwonya asisahau kwamba ushindi huo umeletwa na mashine, si uwezo wake.

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Sisi nasi tuna vyeo, elimu na sare za vyama vya kitume; tukinyang'anywa, je, hatukimbii? Nabii Eliya alikimbilia jangwani akitamani kufa. Mungu hakumpa silaha, alimpa mkate, kisha akamrudisha kazini (1 Fal 19). Tuombe mkate huo.

Dominika njema.