Safari ya Kasulu hadi Kibondo kufuata fedha za maharage zilizoliwa na gofu

Saa 12 asubuhi ya mwezi Juni, stendi ya Kasulu ina baridi ya kuvaa sweta. Mvua zimekatika tangu Mei, majani ya vilimani yameanza kukauka, na wauza chai ya tangawizi wamezungukwa na abiria waliojifunika vitenge mabegani. Watu wa hapa hawapitani kimya. "Mwakeye," mmoja huanza kwa Kiha, viganja vikigongana taratibu, na mwenzake huitikia kabla hawajaulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba.

Asubuhi hiyo, Jumatano moja ya Juni iliyopita, mama mmoja mfanyabiashara wa maharage aliitikia salamu kwa kifupi na kupanda basi dogo la Kibondo. Jina lake halitajwi hapa kwa ajili ya familia yake. Hakuwa na mzigo. Alikuwa anamfuata mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 22, dereva wa bodaboda mjini Kibondo, ambaye kwa siku tatu hakuwa anapokea simu.

Wiki mbili nyuma, mama alikuwa amepeleka Kibondo magunia matatu ya maharage. Mnunuzi alimlipa kijana Sh480,000 kwa niaba ya mama yake. Fedha hizo zilikuwa na kazi tayari. Binti wa familia alichaguliwa kuingia kidato cha tano Julai, shule ya bweni, na orodha ya vitu vya kwenda navyo ilikuwa ukutani: godoro, shuka, sare mbili, viatu, ndoo, madaftari na nauli. Ada imeondolewa hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022, lakini godoro halijaondolewa.

Barabara ya vilima

Kutoka Kasulu, barabara inapanda na kushuka kati ya migomba, muhogo na vibanda vya matofali ya kuchoma. Inapita Makere, karibu na kambi ya Nyarugusu iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, kisha Mvugwe, halafu inavuka Mto Malagarasi. Mto huu unaanzia milima ya mpakani na Burundi, unazunguka mbali hadi kwenye mabwawa ya Moyowosi, kisha unarudi magharibi na kumwaga maji Ziwa Tanganyika. Baada ya mto ni Busunzu, njia panda ya kambi ya Nduta, na hatimaye Kibondo.

Miaka michache iliyopita safari hii ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya kusukuma gari masika. Lami imeleta mabasi mengi, wanunuzi wa mazao na kazi ya bodaboda kwa vijana ambao zamani wangengoja msimu wa kilimo. Mnara wa simu nao umefika karibu kila kilima. Kijana wa Kibondo leo anapokea malipo, anakopa, anatuma nauli na anabeti, yote kwa simu ileile, akiwa amekaa juu ya pikipiki akisubiri abiria.

Kubeti si jambo geni huku. Ligi za Ulaya zinapochezwa, kibanda umiza hujaa na mikeka huandikwa tangu Ijumaa. Mkeka ukitiki kijiwe kizima kinajua. Ukichanika, mwenyewe hunyamaza. Lakini Juni na Julai ligi kubwa hupumzika. Mabenchi ya kibanda umiza hubaki wazi, ila simu haipumziki. Ukifungua ukurasa wa kubeti unakuta tenisi, mechi za kompyuta zinazoisha kwa dakika chache, na gofu.

Mchezo asiowahi kuuona

Kijana huyo hakuwahi kuona uwanja wa gofu. Si ajabu. Viwanja vinavyojulikana nchini viko mbali na vilima hivi: Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, vingine Morogoro, Moshi na Arusha. Kwa jirani, Kenya Open imekuwa ikichezwa tangu mwaka 1967 na huleta wachezaji wa kulipwa kutoka Ulaya. Lakini gofu iliyomla kijana ilikuwa ya Marekani.

Shindano kubwa la gofu huchukua siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Kila siku mchezaji hupita mashimo 18, hivyo jumla ni 72, na anayepiga mapigo machache zaidi ndiye bingwa. Katika US Open, linalochezwa kila Juni, huanza wachezaji 156. Baada ya siku mbili zaidi ya nusu yao huondolewa.

Hapo ndipo ugumu wa kubashiri ulipo. Mechi ya Simba na Yanga ina majibu matatu tu: huyu, yule, au sare. Gofu ina watu 156, na upepo ukibadilika mchana, waliocheza asubuhi wamepata siku rahisi kuliko wenzao. Mpira mmoja ukigonga mti, kazi ya siku tatu imekwisha.

Hata aliye bora kuliko wote hushindwa mara nyingi zaidi ya anavyoshinda. Mwaka 2024 Mmarekani Scottie Scheffler alikuwa namba moja duniani na alikuwa na msimu wa kusimuliwa: alicheza mashindano 19 ya PGA na kutwaa 7. Maana yake katika mashindano 12 aliyemwekea fedha awe bingwa alizipoteza. Huyo ndiye mwenye uhakika kuliko wote, na kwa sababu kila mtu anamjua, malipo yake huwa madogo.

Wanaobeti gofu hupenda kusimulia habari ya Tiger Woods. Mwaka 2019 Mmarekani mmoja aliweka dola 85,000 kwamba Woods atashinda Masters. Woods akashinda, na jamaa akapata faida ya zaidi ya dola milioni moja. Kinachosimuliwa kwa nadra ni sehemu ya pili. Baada ya hapo mtu huyohuyo aliweka dola 100,000 nyingine kwamba Woods atatwaa mashindano yote makuu manne ya mwaka huo. Katika shindano kuu lililofuata, mwezi Mei, Woods aliondolewa baada ya siku mbili.

Sh2,000 za kwanza

Basi lilipofika Kibondo, mama alimkuta mwanawe nyuma ya nyumba aliyopanga, akiwa amekaa kwenye tofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pikipiki iko wapi?"

Pikipiki ilikuwa kwa mwenyewe. Hesabu ya bosi haikulipwa wiki tatu, naye akachukua ufunguo.

Yaliyobaki yalitoka polepole. Mwisho wa Mei kijana aliweka Sh2,000 kwamba mchezaji fulani atamaliza ndani ya kumi bora. Jina alilichagua kwa sababu lilikuwa rahisi kusoma. Mchezaji akamaliza wa nane na Sh18,000 zikaingia kwenye simu. Wiki iliyofuata aliweka Sh10,000 na kupoteza. Akaweka Sh20,000 ili kurudisha zile 10,000. Fedha za maharage zilipoingia alijiambia anaazima Sh50,000 tu hadi Jumapili.

Jumapili ya mwisho ya US Open hakulala. Saa za Marekani ziko nyuma, na shindano la jioni yao huisha usiku wa manane wetu. Mchezaji aliyemchagua aliongoza hadi Jumamosi. Jumapili akaanza kuteleza, na kila alipoteleza kijana aliweka fedha nyingine kwa mwingine. Kufikia saa nane usiku simu ilikuwa na Sh1,300.

"Nilikuwa nakaribia, mama," alisema.

Kwa nini 'nilikaribia' ni neno la hatari

Neno hilo wahudumu wa afya ya akili wanalifahamu. Ubongo wa mtu anayecheza kamari huchangamka anapokosa kidogo karibu kama anavyochangamka anaposhinda. Mchezaji wako kuongoza siku tatu na kuanguka ya nne ni kupoteza, lakini ubongo huhesabu kama ishara kwamba ushindi uko jirani. Ndiyo maana gofu ya siku nne, au mkeka wa mechi kumi unaochanika kwa mechi moja, humrudisha mtu haraka kuliko mkeka uliochanika wote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, likiuweka kundi moja na matatizo mengine ya tabia za uraibu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Si kila anayebeti ni mgonjwa. Dalili ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, kamari inapotangulia kazi, shule na familia, naye anaendelea ingawa anaona madhara.

Nyumbani dalili hizo huonekana kwa sura za kawaida: kukosa usingizi, kuficha simu, hasira isiyo na sababu, vitu vya ndani kupotea, kukopa kwa watu wengi kiasi kidogo kidogo, na mikopo ya kausha damu. Kubwa zaidi ni kucheza ili kurudisha kilichopotea.

Hesabu nayo haiko upande wa mchezaji. Rusha sarafu. Nafasi ni nusu kwa nusu, hivyo malipo ya haki ya Sh1,000 yangekuwa Sh2,000. Kampuni ikikupa odi ya 1.90, inakulipa Sh1,900. Ukicheza mara 100 umetoa Sh100,000, na kwa wastani utarudishiwa Sh95,000. Elfu tano imebaki kwa mwenye duka bila kumwibia mtu. Katika gofu kampuni hukata kidogo kwenye bei ya kila mmoja wa wachezaji 156, kwa hiyo pengo hilo huwa kubwa zaidi. Na mkeka wa mechi kumi, hata kama kila timu ina nafasi ya asilimia 65 ya kushinda, hutiki wote karibu mara 1 katika 74.

Mzazi afanye nini

Sheria inakataza mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza michezo hii, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayoisimamia. Lakini laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha mtu mzima. Kijana wa kidato cha pili anayebeti mara nyingi anatumia laini ya mzazi, mjomba au kaka. Kwa hiyo hatua ya kwanza iko mkononi mwako unaposoma hapa: fungua ujumbe wa miamala ya simu yako, uangalie malipo yaliyokwenda kwenye kampuni za kubeti. Badilisha namba ya siri ambayo mtoto anaijua.

Kumnyang'anya kijana simu kubwa na kumpa kitochi hakutoshi. Kubeti kunawezekana pia kwa kubonyeza namba kwenye kitochi. Kinachosaidia zaidi ni kuitenga fedha na mkono wake kwa muda: malipo yaende moja kwa moja kwa anayedaiwa, na laini yenye fedha ikae kwa mtu anayemwamini. Kampuni nazo zinaweza kuombwa kufunga akaunti ya mteja.

Usilipe deni lote kwa siri. Kijana akiona deni limepotea usiku mmoja, kesho ana nafasi ya kuanza upya. Mkae chini, deni liandikwe, liwe na ratiba. Na msimwite mwizi mbele ya wadogo zake, kwa sababu aibu ndiyo inayomfanya afiche mkeka unaofuata.

Ikiwa ameshindwa kuacha, mpelekeni hospitali ya wilaya mkaulize huduma ya afya ya akili. Tiba yake kubwa ni mazungumzo ya kitaalamu yanayomfundisha kutambua kinachomsukuma. Akianza kusema hana faida ya kuishi, msimwache peke yake na msingoje kesho. Kwa mtoto, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Wiki 24

Mama hakupiga kelele Kibondo. Walikwenda wawili kwa mwenye pikipiki. Akakubali kurudisha ufunguo kwa sharti moja: hesabu itumwe kwake kila Jumamosi kabla kijana hajanunua hata vocha. Kisha kwenye daftari la maharage waliandika Sh480,000, wakagawa kwa Sh20,000. Wiki 24. Laini ya fedha ikaingia kwenye pochi ya mama.

Kurudi, mama alifika Kasulu giza limeingia. Binti alikuwa ameinjika ugali. Aliuliza habari za kaka kwanza, za godoro baadaye.

Godoro lilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba. Sare ilikuwa moja badala ya mbili. Binti aliondoka Julai kwa basi la alfajiri. Katikati ya mwezi huohuo shindano jingine kubwa la gofu, The Open, lilichezwa ng'ambo, na Jumapili yake kijana alimpigia mama yake simu tatu kwa namba ya kuazima, bila jambo maalumu la kusema. Mama alipokea zote tatu.

Hadi mwisho wa Julai alikuwa amelipa wiki nne. Zimebaki 20.