Sauti Iliyopitia Ndani ya Kaseti

Karakana ya ami yangu ilikuwa Mwembe Tayari, Mombasa: chumba kimoja, meza mbili, na redio zilizopangwa hadi darini. Katikati ya miaka ya 1990 zikaanza kuingia gemu za TV. Waliozileta ni watu waliokuja likizo kutoka Dubai na Maskati, wamezifunga sandukuni pamoja na mashuka na marashi. Nyingi zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, na kaseti zake zilikuwa na pini 60 kama za mashine ya asili.

Wateja walikuja na lalamiko karibu lilelile: "Fundi, picha iko, sauti hakuna."

Dawa yetu watoto ilikuwa kupuliza. Unachomoa kaseti, unaipuliza kama apulizaye jiko la makaa, unairudisha. Ami alinikuta nikifanya hivyo siku ya kwanza aliponiachia mashine ya mteja, akaichukua kaseti mkononi mwangu. "Mwanangu, pumzi yako ina maji. Na hapa kwetu hewa ishabeba chumvi tayari. Utaiozesha." Akanipa pamba na spiriti. Nilisugua pini, pamba ikatoka nyeusi; nikachukua nyingine, nikasugua mpaka ikatoka nyeupe. Sauti ikarudi.

Nilifurahi, lakini sikuelewa. Kama uchafu ulikuwa kwenye kaseti, mbona picha ilikuwa safi? Ami alijua kwamba ndivyo mashine zile zilivyo, basi. Nami nikalichukua kama jambo la bahati, kosa lililonigharimu baadaye.

Jibu nilikuja kulipata miaka mingi mbele, nilipopata mchoro wa saketi. Kwenye Famicom sauti haitoki kwenye chipu ikaenda moja kwa moja kwenye televisheni. Inatokea pini ya 45 ya tundu la kaseti, inaingia ndani ya kaseti yenyewe, kisha inarudi kwenye mashine kupitia pini ya 46. Wajapani waliiweka hivyo ili mtengenezaji wa gemu akitaka aongeze chipu yake ya muziki ndani ya kaseti, sauti mbili zichanganyike humo. Kaseti ya kawaida haina chipu hiyo. Ina kipande cha shaba tu kinachounganisha pini mbili. Pini moja ikishika kutu, mchezaji wako ataruka, atakimbia, atakufa, vyote kimya. Huwa nasimama kila ninapoieleza habari hii kwa kijana anayejifunza kazi, kwa sababu ndiyo iliyonigeuza: njia ya sauti haifuati lazima njia unayoidhania.

Kabla ya kuijua, nilikuwa fundi wa kubadilisha. Mwaka 1998 nililetewa mashine ambayo muziki wake ulikuwa na wimbo lakini hauna besi wala ngoma. Nikabadilisha spika ya televisheni. Nikabadilisha kapasita mbili. Mwisho nikang'oa chipu kubwa ya miguu 40, nikararua njia tatu za shaba kwenye bodi, na mashine ikafa kabisa. Mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka kumi hivi, akasimama mlangoni akiiangalia mezani. Ami alimlipa babake kutoka mfukoni mwake, hakunigombeza. Jioni ile alinifundisha kazi niliyotakiwa kuanza nayo.

Alichukua redio-kaseti iliyokwisha kukatika mkanda lakini amplifaya yake nzima. Akalehemu waya kwenye mguu wa amplifaya unaoingiza sauti, na kwenye ncha ya waya akaweka kapasita ndogo ili umeme wa moja kwa moja usipite, upite mlio tu. Waya wa pili akaufunga kwenye ardhi ya bodi. "Sasa gusa," akaniambia. "Anzia inakozaliwa, uende nayo. Itakapokunyamazia, hapo ndipo."

Kifaa kile ninacho mpaka leo, nimekibadilisha spika mara mbili. Na mashine yenye tatizo kama la yule mvulana ilipokuja tena, nilitumia dakika chache tu. Chipu ya Famicom hutoa sauti kwa miguu miwili: wa kwanza hubeba milio miwili ya wimbo, wa pili hubeba besi, ngoma na sauti zilizorekodiwa. Niligusa mguu wa kwanza, wimbo. Niligusa wa pili, besi na ngoma zikadunda vizuri kwenye redio ya ami. Chipu nzima, basi. Nikasogea hadi upande wa pili wa rezista iliyofuata: kimya. Rezista ya bei ya peremende. Nilimkumbuka yule mvulana, nikawa sina la kusema.

Kulikuwa na tatizo jingine la enzi zile ambalo halikuwa ubovu. Mashine iliyotoka Uingereza hutuma sauti megahezi 6 kutoka kwenye picha. Televisheni zetu nyingi ziliisubiri kwenye 5.5. Picha inakaa, sauti inakuwa mchemko mtupu kama mvua juu ya mabati. Tiba yake ni kubadilisha mfumo kwenye televisheni, au kuzungusha taratibu koili ndani ya kisanduku cha bati cha mashine, kile kinachotuma mawimbi kwenye televisheni, kwa bisibisi ya plastiki, huku sikio liko kwenye spika. Kazi hiyo imekwisha. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, na siku hizi wateja wanataka waya wa AV.

Baada ya PlayStation kuenea, zile za kaseti zilipanda darini. Zimeanza kushuka, zikiletwa na watu wazima wanaotaka kuwaonyesha watoto wao, na ubovu wake si ule tena. Zamani adui alikuwa vumbi na chumvi. Sasa ni umri. Kapasita zenye maji ndani hukauka au huvuja. Mfano unaojulikana na mafundi kila mahali ni Game Gear ya Sega, ya mwaka 1990: ina bodi yake ndogo ya sauti, na kapasita zake zikivuja sauti hufifia mpaka isikike kwa hedifoni tu. Ukizipasha moto wa kulehemu hutoa harufu ya samaki. Hizo nazibadilisha zote bila kusita. Lakini siafiki mtindo wa sasa wa kubadilisha kila kapasita kwenye kila mashine kabla hata ya kuisikiliza. Bodi za zamani ni laini, na nimeshaona nyingi zilizouawa kwa wema.

Kusikiliza kunanifunza hata ninapodhani nimemaliza. Mteja mmoja alilalamika kwamba muziki wa mashine yake si kama ule anaousikia kwenye intaneti. Baadhi ya chipu za nakala zile zilibadilishana upana wa mawimbi mawili: la robo likatoka nusu, la nusu likatoka robo. Noti ni zilezile, mlio mwembamba ukawa mzito, mzito ukawa mwembamba. Hakuna kilichoharibika. Nilipomwuliza alichokuwa akikisikia utotoni, alikaa kimya, nikaiwasha tena, akasema ndicho hiki. Akaondoka nayo vilevile.

Na ikiwa mashine inavuma mfululizo hata gemu isipocheza, mimi hutazama adapta kwanza, kwani umeme wetu wa hezi 50, kapasita ya adapta ikichoka, huleta mvumo wa hezi 100 ndani ya spika. Adapta ya NES, mashine nyingine ya Nintendo, hutoa umeme wa AC. Famicom na Mega Drive ya Sega hutaka DC. Zimefanana plagi, na nimepokea zilizoungua kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo, msomaji, ukishusha yako darini usiiwashe kujaribu. Mpelekee fundi pamoja na adapta yake na kaseti ileile iliyokuwa kimya.